Nilivyomaliza ubishi wa upanga wa kilo saba

Sisi tunacheza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza mashujaa na kurusha dadu, hapa Mbeya kila Jumapili, toleo la pili lile la 1989 maana ndo kitabu tulichokipata. Sasa mle upanga mkubwa wa mikono miwili umeandikwa paundi 15, karibu kilo 7, na namba yake ya kasi ni 10 wakati upanga mrefu wa kawaida ni 5, mwenye namba kubwa ndo anachelewa kupiga. Jamaa yetu mmoja anaupenda huo mkubwa, basi kila pambano anachomwa yeye kwanza, kelele kila wiki mpaka siku moja akanyanyuka akaondoka, na mi ndo mwendesha mchezo, iliniuma kweli.

Nikaanza kusoma kuhusu panga halisi za Ulaya (za vita, sio hizi za kufyekea). Za mkono mmoja nyingi zina kilo 1 hadi 1.5, zile kubwa za askari wa Ujerumani karne ya 16 ni kilo 2 hadi 3 na kitu. Kilo 7 ni nyundo ya kuvunjia mawe hiyo! Hata toleo la mchezo la 2014 wameushusha mpaka paundi 6.

Nikaenda Mwanjelwa kwa fundi wa kuchomelea anitengenezee upanga wa mfano, shikamoo fundi, naomba flatibaa (chuma bapa) ya milimita 40 kwa 5, urefu sentimita 90, usitie makali. Tukapima kwenye mizani ya muuza mchele, kilo 1.4, lakini ukiushika unavuta mbele mkono unachoka upesi. Fundi akala ncha kwa grenda ikawa nyembamba, akachomelea nati kubwa ya lori kitakoni. Aisee, mizani ikasema 1.5, umeongezeka, ila mkononi umekuwa mwepesi! Nikauegemeza juu ya kidole, ukatulia kiganja kimoja tu mbele ya mshikio. Kumbe kasi sio kilo, ni hizo kilo zimekaa wapi.

Jumapili kila mtu akaushika mezani, tukaandika upya: upanga mkubwa kilo 3, mkikutana uwanjani mwenye silaha ndefu anaanza, ila adui akishaingia ndani au mkiwa sehemu finyu mwenye fupi ndo anaanza.

Jamaa karudi. Wiki iliyopita alibanwa kwenye ngazi nyembamba na mtu wa kisu, akachomwa kwanza, akasema hiyo haki, rusha dadu tuendelee.