Nilivyotafuta nyumba Ceredigion wakati wa baridi

Siku ya tatu baada ya kuhamia, nilisogeza kabati la nguo nitoe kipuli cha mwanangu kilichoangukia nyuma yake. Ukuta ulikuwa mweusi. Kuvu ilikuwa imepanda kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno changu, na nilipoupapasa, kiganja kilitoka kimelowa kana kwamba nimeshika mtungi. Nyumba hiyo nilikuwa nimeichagua nikiwa bado Mombasa, kwa picha kumi na mbili: mawe ya kale, dirisha linalotazama kondoo, kodi nafuu. Picha zote zilikuwa zimepigwa kiangazi.

Nilikuja kwa kazi ya uuguzi Aberystwyth, mji wa pwani ya magharibi ya Wales, katika kaunti ya Ceredigion. Nyumba ilikuwa bara, kilomita 25 hivi kutoka mjini, na nilipoutazama umbali huo kwenye ramani niliuona si kitu. Zamu yangu ilianza saa moja unusu asubuhi, ikaisha saa mbili usiku. Basi la mwisho la kule kwetu lilikuwa likiondoka kabla sijavua sare, na Jumapili halikuja kabisa. Ikabidi mume wangu anifuate kwa gari kila zamu, mtoto amelala kiti cha nyuma kwa kuwa hakuna wa kumwachia. Njia yenyewe ni ya gari moja, ua mrefu wa miti huku na huku. Mkikutana na trekta, mmoja wenu arudi kinyumenyume gizani hadi penye nafasi ya kupishana. Na leseni ya Kenya inakubaliwa miezi 12 tu tangu uwe mkazi, kisha ufanye mtihani wa hapa, wa nadharia na wa barabarani. Mwenye kuja mashambani na ahesabu hilo mapema, maana muda unakimbia.

Gharama nyingine sikuiwazia. Vijiji vingi vya bara havina gesi ya bomba, hivyo nyumba hupashwa joto kwa mafuta ya taa, yale yale tuliyokuwa tukipimiwa kwa chupa dukani utotoni. Hapa lori huja kujaza tangi la uani, na muuzaji wetu hakuleta chini ya lita 500. Kodi niliyoiona nafuu ilirudi kwangu kwa mlango huo.

Mkataba ulikuwa wa miezi sita. Nikaamua tusingoje uishe ndipo tutafute. Tungetafuta baridi ile ile ikitupiga, na kila kijiji kinachotuvutia tungekwenda mchana, kisha tena kwa basi au treni, saa ambayo mimi hutoka kazini, mvua ikinyesha. Mume wangu aliniona nimezidi. Baada ya safari mbili aliacha kubisha.

Safari ya kwanza ilitupeleka bonde moja upande wa Tregaron. Nyumba ilikuwa kavu, mwenyewe mtu mwema. Tulifika saa sita mchana, mwezi wa Desemba. Kilele cha mlima mkabala kilikuwa kinang'aa jua, lakini pale uani tuliposimama nyasi zilikuwa bado na barafu ya usiku. Nikamuuliza mama wa nyumba ya pili jua hufika saa ngapi. Akaniambia hapa halifiki mpaka Februari. Alilisema kama jambo la kawaida, na kwake ni la kawaida. Mimi nilijua sitaweza. Siku zenyewe huwa fupi mno: jua hutoka saa mbili na zaidi asubuhi, saa kumi alasiri linazama. Mwanga mdogo uliopo niliutaka dirishani kwangu.

Borth nusura inichukue. Kijiji kimejinyoosha kama kamba juu ya tuta la kokoto, bahari mbele, nyuma kinamasi kikubwa kiitwacho Cors Fochno. Maji yakipwa sana, ufukweni vinajitokeza visiki vya msitu uliozama zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Nilisimama kando ya kimoja nikakigusa, mti mtupu, laini kama sabuni. Kuna stesheni ya treni, na kulala ukisikia wimbi, kwa mtu aliyekulia Pwani, ni nusu ya kupona uchovu. Lakini mtu wa Pwani anajua pia bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida. Nikarudi Januari siku ya bamvua, upepo ukitoka magharibi. Kokoto zilikuwa zimetapakaa katikati ya barabara, na wenye nyumba wamepachika mbao milangoni kuzuia maji. Nilirudi nyumbani kimya. Ramani ya mafuriko ya Natural Resources Wales, shirika la mazingira la hapa, iko wazi kwa yeyote, unaandika msimbo wa posta wa nyumba unaona hatari yake. Tangu siku hiyo niliitazama kabla ya kutazama picha.

Aliyenifunza zaidi ya ramani ni bibi kizee jirani yetu kule bara, mjane wa mkulima, ambaye mwanangu alimwita nyanya tangu siku ya kwanza. Alinikalisha jikoni kwake akanifasiria majina. Aber ni mlango wa mto. Pont ni daraja, bryn ni kilima. Dôl ni konde la chini kando ya mto. Cors ni kinamasi. Nikamwambia kwetu Mombasa kuna Bondeni na Ziwani, na mtu akikutajia jina kama hilo huulizi maji ya mvua hukimbilia wapi. Akacheka, akasema basi tayari najua kusoma Wales.

Lugha ndiyo iliyonipa hofu kubwa kwa ajili ya mtoto, akiwa na miaka sita. Sensa ya 2021 ilihesabu asilimia 17.8 ya watu wa Wales wanaozungumza Kiwelisi, lakini Ceredigion ni 45.3, na shule nyingi za msingi za mashambani hufundisha kwa lugha hiyo. Wenzangu wengine kazini walinishauri nimtafutie ya Kiingereza. Sikukubali. Mtoto aliyekua na Kiswahili na Kiingereza hashindwi na ya tatu. Kiwelisi chenyewe hugeuza neno kichwani: nchi ni Cymru, lakini kibao cha mpakani kinasema Croeso i Gymru, na aliye ndani yake yuko yng Nghymru. Sisi tuna ulimi na ndimi, ubavu na mbavu. Baada ya miezi mitatu ndiye aliyekuwa akinisahihisha.

Tulikopata ni Bow Street, kilomita tano hivi kutoka Aberystwyth. Nyumba haina sura ya picha, ni ya kawaida tu, magari ya barabara kuu yanasikika. Stesheni iliyofungwa mwaka 1965 ilifunguliwa upya Februari 2021, na treni ikikosekana mabasi yapo. Nilipapasa kila ukuta, nikavuta kila kabati. Cheti cha nishati, kinachoonyesha nyumba inavyotumia nishati, kilikuwa herufi C, ilhali chini ya E hairuhusiwi kupangisha. Jina la mwenye nyumba nililikuta kwenye daftari la Rent Smart Wales, wanakosajiliwa wenye nyumba za kupangisha, na mkataba tulipewa kwa maandishi, kama sheria iliyoanza Desemba 2022 inavyotaka. Jua la alasiri linaingia jikoni.

Mwezi uliopita dada mmoja wa zamu yangu, mtu wa Kisumu, alinionyesha kwenye simu nyumba aliyoipenda, bustani hadi ukingo wa mto. Nikamuuliza inaitwaje. Akasoma taratibu, herufi kwa herufi, na neno la kwanza lilikuwa Dôl. Jumamosi hii tunakwenda naye, kwa basi, tukitoka kazini.