Hatamu ya Shani

Ngozi ya hatamu ilikatika chini ya sikio la kushoto la farasi wetu, Shani, tukiwa katikati ya mchanga wa Matemwe, pwani ya Unguja. Ilikuwa bamvua, maji yametoka mpaka karibu na mwamba, na kinamama wa mwani wamo katika mashamba yao, wameinama, kanga wamezifunga viunoni. Nilikuwa natembea kwa miguu ubavuni mwa Shani, na juu ya tandiko alikuwapo mtoto wa mgeni, wa miaka kumi hivi. Nikasikia mlio mdogo kama wa kijiti kinachovunjika, na hatamu nzima ikateremka. Mkanda wa paji ukamziba jicho, lijamu, kile chuma cha mdomoni, ikachomoka nusu, ikaning'inia upande mmoja wa mdomo.

Farasi akizibwa jicho ghafla huweza kukimbia. Shani hakukimbia. Alisimama pale pale, ngozi ya bega ikimtetemeka, nami nikamshika yeye nywele za shingo kwa mkono mmoja na mtoto kwa mkono mwengine, nikawa namsomea kilichonijia kinywani. Kilichonijia ni Wal-adiyati. Sura hiyo niliihifadhi chuoni nikiwa na miaka saba. Inaanza kwa kiapo cha farasi waendao mbio wakihema, na siku nilipoihifadhi sikuwa nimewahi kumwona farasi hata mmoja.

Ilikuwa Julai ya 2013, kusi likivuma. Nilikuwa na miaka 22, na mwaka wa pili nikitunza farasi wanne wa mama mmoja wa Kizungu aliyehamia kijijini. Unguja si kisiwa cha farasi. Gari la ng'ombe na gari la punda ndiyo tuliyoyazoea. Farasi ni wa kuhesabu. Na hata ng'ombe, baba yangu alikuwa akisimulia jinsi mbung'o walivyowamaliza, mpaka walipoanza kurushwa kutoka ndegeni mbung'o madume waliofugwa Tanga na kuhasiwa kwa mionzi, majike wasizae tena. Mbung'o wa mwisho alinaswa Unguja mwaka 1996. Nilikuwa mtoto mdogo wakati huo, lakini nikiwafikiria wale farasi wanne nawafikiria pia mbung'o, kwa sababu wangalikuwapo, Shani asingalikaa Matemwe hata msimu mmoja.

Tuliporudi bandani niliiangalia ile hatamu iliyokatika. Ngozi ilikuwa imeoza pale inapopinda kupita kwenye bizimu ya kufungia mkanda, mahali usipopaona mpaka uifungue. Nje inang'aa, ndani imekuwa kama biskuti iliyorowa. Jasho, chumvi, unyevu wa masika, na sisi tulikuwa tukiifuta juu juu bila kufungua bizimu. Hilo lilikuwa kosa langu, kwa kuwa kuifuta ilikuwa kazi yangu.

Lakini kilichonikosesha usingizi kilikuwa kwengine. Nilimfungua Shani mdomo nimtazame kama chuma kimemuumiza kilipochomoka. Kwenye pembe zote mbili za mdomo nikakuta makovu, mapya juu ya ya zamani, na upande wa kulia nyama ilikuwa bado nyekundu. Chuma cha siku ile hakifanyi makovu ya zamani. Miezi yote ile Shani alikuwa akirusha kichwa juu, akivuta vigwe, zile kamba za kumwongozea, nasi tukimwita mkorofi. Nilikaa chini kwenye nyasi za bandani nikamwomba radhi. Sioni haya kusema hivyo. Mnyama hana ulimi wa kushitaki, ana kichwa cha kutikisa tu, na alikuwa amekitikisa mbele yangu kila siku.

Mwenye farasi alipoona makovu hakusema mengi. Alinipa shilingi laki moja na nusu na lijamu mbili kutoka sandukuni mwake, akaniambia, "Wewe ndiye unayemjua kichwa chake. Kachague wewe."

Usiku ule nilimweleza mama. Alikuwa amekaa ukumbini akisuka ukili wa mkeka. Nilitaka uzi wa kumpimia farasi kichwa, akanikatalia. "Uzi ukivutwa hutanuka, mwanangu. Chukua ukili." Akanikatia kipande kirefu. Alfajiri nikampima Shani: kutoka pembe moja ya mdomo, juu ya utosi nyuma ya masikio, mpaka pembe ya pili. Kisha paji, sikio hadi sikio. Kisha kuzunguka pua, na koo, na upana wa mdomo. Kila kipimo nikakifungia kijinyuzi cha rangi yake, ukili nikauviringisha mfukoni, nikapanda gari namba 118 kwenda mjini.

Hakukuwa na duka mjini lililouza hatamu mpya za farasi. Nilijua hivyo. Nilichokuwa nacho kichwani ni duka moja la vitu vya kale Mji Mkongwe, ambako niliwahi kuona hatamu imetundikwa baina ya birika za shaba na saa za ukutani. Bado ilikuwapo. Ngozi nyeusi, vishada vyekundu vya sufi, vipande vya fedha kwenye mikanda ya mashavu. Mwenye duka akaniambia ni ya enzi za masultani. Mimi nikaamini papo hapo, kwa sababu nilitaka kuamini. Nikamkumbuka Ahmad bin Naaman, mjumbe wa Sultani wa Zanzibar, aliyekwenda na jahazi la Sultana mpaka New York mwaka 1840, na katika zawadi za Sultani huyo, Sayyid Said, kwa rais wa Marekani wakiwamo farasi wawili wa Kiarabu. Nikamkumbuka Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kujifunza kupanda farasi angali mtoto. Nikamwona Shani wetu amevaa vile vishada ufukweni, na moyo ukanienda mbio.

Bei ilikuwa kubwa kuliko fedha zangu. Nikamwomba mwenye duka aniwekee mpaka adhuhuri.

Nilitoka nikaenda kwa fundi mmoja wa ngozi, mzee aliyekuwa akishona makubadhi barazani, huku Mlandege. Ami yangu alikuwa akimpelekea mikanda ya punda wake. Nilimkuta amevaa miwani iliyofungwa uzi, nikamwamkia, akaniitikia bila ya kuinua macho kwenye sindano.

"Punda?" akauliza.

"Farasi, babu."

Hapo akaweka kazi chini. Akaniambia maneno ya Mtume kwamba kheri imefungwa kwenye nywele za paji la farasi mpaka Siku ya Kiyama, akanitaka nikae. Nikamweleza yote: mkanda uliooza, makovu, ile hatamu ya vishada. Kuhusu vishada hakusema kitu. Aliuliza juu ya chuma chake tu, kikoje. Nikamweleza nilivyokiona: kijiti kirefu kinachoelekea juu kwenye kaakaa, na pete ya chuma inayozunguka utaya wa chini.

"Umekishika?"

"Nimekishika."

"Umejivuta nacho?"

Sikuwa nimejivuta. Akachukua moja ya zile lijamu nilizokuja nazo, ile nyembamba yenye kiungo katikati, akaniwekea kwenye mfupa wa mguu, chini ya goti, pale pasipo na nyama. Akavuta polepole kwa mikono miwili. Nilishika ukingo wa baraza. Akaniambia mahali lijamu inapokaa mdomoni, baina ya meno ya mbele na magego, hapana meno, pana ufizi mwembamba tu juu ya mfupa, kama mguu wangu ule. Na mbele ya magego baadhi ya wanyama huota vijino vidogo ambavyo chuma huvigonga. Elimu hiyo aliipata kwa punda maisha yake yote. Ule msemo wa punda afe mzigo ufike, alisema, haujatungwa na mtu aliyewahi kumtazama punda mdomoni. Nakubaliana naye, na tangu siku hiyo siutumii.

Habari ya duka la vitu vya kale ikaishia hapo. Sikurudi kule hata kuaga, na hilo nalijutia kidogo, maana mwenye duka alinisubiri.

Ikabaki kuchagua baina ya lijamu mbili. Fundi alipendelea ile nene, iliyonyooka, iliyovishwa mpira. "Ndoo ya maji ukiibeba kwa uzi inakukata vidole. Ukizungushia kitambaa unafika nayo nyumbani." Ilikuwa hoja nzuri na nikaikubali. Lakini nilipouweka ukili wangu juu ya lijamu, ukakataa. Shani ni farasi mdogo, mdomo wake una upana wa sentimita 11 na nusu. Lijamu ile ilikuwa imemzidi kwa kidole kizima, na yule fundi akanieleza kwamba chuma kikizidi hivyo hutambaa huku na huku kila ukivuta kigwe, na ndiko yanakotoka makovu ya pembeni. Halafu unene. Nilimkumbuka Shani alivyo na ulimi mnene, umejaa kinywa. Nikafumba macho nikaona: asingeweza kufunga mdomo.

Tulikaa kimya. Adhana ya adhuhuri ikatukuta hapo, tukaenda kusali, tukarudi. Nilikuwa nimekwisha kuamua njiani.

"Babu, nishonee isiyo na chuma."

Akanitazama. Nikamwonyesha kwa mikono: mkanda mpana wa pua, wenye pete mbili, moja kila shavu, na vigwe vifungwe hapo. Ukivuta kulia, pua inakwenda kulia. Mwenye farasi alikuwa nayo ya namna hiyo ya farasi mkubwa, nimeiona ikifanya kazi. Fundi alicheka kwa furaha, akasema hiyo ni kamba ya punda iliyosoma.

Kazi ya ngozi ndiyo niliyoipenda kupita yote. Mimi nilitaka nailoni, haiozi. Akanikataza. Mnyama akinaswa kwenye mti kwa nailoni, nailoni haikatiki, inayovunjika ni shingo yake. Ngozi ina huruma ya kukatika. Chumvi nayo haiiui ngozi inayooshwa kwa maji baridi kila ikitoka pwani, ikaanikwa kivulini, ikapakwa mafuta kidogo. Kidogo, alikariri, yakizidi nyuzi zinaoza. Alichagua mgongo wa ng'ombe, akaukunja vidoleni kutafuta mipasuko, akakata mikanda kwa kufuata ukili wangu, uzi akaupaka nta. Mkanda wa pua akautia ngozi laini ya mbuzi kwa ndani. Mkanda wa paji aliuongeza upana wa vidole viwili, usibane mizizi ya masikio. Bizimu zote za shaba, hakuna chuma cha kushika kutu. Nililala kwa ami yangu usiku mmoja, kesho yake baada ya alasiri ilikuwa tayari. Alichukua shilingi elfu sitini.

Huku Tanzania hatamu ni neno la siasa. Tumekua tukisikia chama kushika hatamu, fulani ameshika hatamu za nchi. Nilirudi Matemwe nimeipakata hatamu hasa, inanuka ngozi na nta, na abiria mwenzangu akaniuliza ni kitu gani.

Mwenye farasi aliogopa. Aliuliza nitamsimamisha vipi bila ya chuma, na swali lake lilikuwa la haki. Tukakubaliana wiki mbili ndani ya uzio, bila ya mgeni. Nilimvisha mwenyewe, mkanda wa pua ukae juu ya mfupa, vidole viwili chini ya mfupa wa shavu, maana chini zaidi ni nyama laini na pumzi hubanwa. Vidole viwili vikapita baina ya mkanda na pua. Kooni ngumi yangu ikapita. Shani alitikisa kichwa mara moja, akangoja kuumia. Akatikisa tena, kidogo. Kisha akatafuna mate, akalamba midomo, akashusha kichwa mpaka usawa wa magoti yangu. Siku ya tatu alikuwa akisimama kwa sauti kabla sijavuta.

Bamvua iliyofuata tukateremka pwani. Kinamama walikuwa wakitoka na magunia ya mwani vichwani. Bibi mmoja, aliyekuwa ametuona kila siku kwa mwaka mzima, akasimama njiani.

"Leo mbona hatikisi kichwa?"

Nikamwambia hana chuma mdomoni. Akatua gunia mchangani, akaupangusa mkono kwa kanga, akampapasa pua, pale ngozi ya mbuzi ilipolala.