Kumbukumbu ya mradi: nguo za ufukweni za enzi za bugaluu

Wiki ya 1

Nashona vitu saba vya kuvaa ufukweni, kwa kanga. Picha ninayoifuata ni ya bibi, imepigwa ufukweni hapa Dar mwanzoni mwa miaka ya 70. Kavaa bugaluu, ile suruali inayopanuka kuelekea chini, kakumbatia mkoba wa ukili, raizoni, viatu vyake vya soli nene, kazivua kaziweka mchangani. Shida ni kwamba picha ni nyeusi na nyeupe. Nilipomuuliza, bibi akasema suruali ilikuwa ya rangi ya chungwa. Mdogo wake akaapa ilikuwa ya kijani. Nimezichukua zote mbili, nikaongeza nyeupe, na hapo nimejifunga: rangi ya nne haiingii.

Bibi akanikumbusha jambo jingine. Januari 1969 ilikuja Operesheni Vijana, vijana wa TANU, chama tawala cha wakati ule, wakawa wanawaandama waliovaa vimini na suruali za kubana. Kwa hiyo nikisema "mtindo wa zamani" halafu nikachora vimini vitupu, nitakuwa nimechora zamani za watu wengine. Nimeamua nguo ziwe pana, za kupepea: bugaluu, gauni refu la kufungia shingoni, shati la kola wazi, kaptura. Kisha mkoba, kilemba na kofia.

Wiki ya 2

Kariakoo, doti tatu za kanga za mchoro mmoja wa korosho. Nimeziloweka usiku kucha kabla ya kukata, maana kanga mpya ina wanga na hurudi ikifuliwa. Rangi ya chungwa ilichuja. Nikatia chumvi kama wanavyoshauri majirani, haikusaidia kitu. Kilichosaidia ni kubadilisha maji mara nne hadi yakatoka safi.

Wiki ya 3

Hii ndiyo wiki iliyonifundisha kazi. Mwanzoni nilidhani vitu saba vitafanana kwa sababu vina kitambaa kimoja. Nilipovitandaza kitandani vilionekana kama mabaki ya duka. Mji wa kanga, yaani sehemu yake ya katikati, una mchoro mkubwa. Ukiukata vipande vidogo unapotea, kila nguo inabaki na jicho lake la korosho lililokatika.

Kinachounganisha ni pindo. Kanga moja ina kama sentimita 150 kwa 110, pindo likiizunguka pande zote nne. Pande mbili ndefu zinatosha kabisa mishono ya nje ya bugaluu, mguu mmoja upande mmoja. Pande fupi nimezipeleka chini ya shati na kwenye mdomo wa mkoba. Mji nimeuachia gauni tu, ukae mzima kifuani hadi magotini. Kaptura ni nyeupe tupu, yenye ufito wa pindo kiunoni. Sasa hata mtu akivaa shati peke yake, utajua limetoka nyumba gani.

Wiki ya 4

Jina. Kanga zangu zimeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Nilimwachia fundi kaptura ya majaribio bila kumwonyesha pa kukata, akatumia sehemu yenye maandishi. Niliporudi, MGENI NJOO imelala sawasawa makalioni.

"Dada, hii hata baharini haivaliki," akasema fundi mwenyewe, tukacheka mpaka cherehani jirani zikasimama. Kosa ni langu. Sasa nakata ufito wa jina kwanza, mzima, na umekuwa kifuniko cha mkoba.

Wiki ya 5

Nguo ya kuogelea nimeiacha. Kanga ni pamba: ikilowa inakuwa nzito na kuning'inia, na kitambaa cha kuvutika chenye rangi zangu sijakipata. Afadhali kuwa na vitu saba vinavyopatana kuliko cha nane cha kulazimisha.

Vifungo vya shati nimechonga kwa kifuu, nikavisugua kwa msasa. Kimoja kikubwa kinafunga mkoba, kingine kinashika kilemba. Ukindu, majani ya kusukia kofia, nimeuchemsha na rangi ya unga ya mikeka. Kijani kimekubali; chungwa limetoka kama matofali, narudia kesho.

Jumamosi tunavuka Kigamboni kupiga picha. Bibi ameshaijaribu bugaluu, akajigeuza mbele ya kioo, akasema yake ilikuwa pana zaidi. Halafu akaushika ule ufito wa kijani: "Hii rangi umeitoa wapi? Yangu ilikuwa ya bluu."