Nilivyoiwezesha kompyuta kuendesha redio yangu ya ridhaa, Kigoma

Wengi wakitaka kompyuta iendeshe redio huanza na programu kubwa. Ikigoma, hawajui ubaya uko kwenye waya, kwenye redio au kwenye kompyuta. Mimi nilitaka kwanza redio ijibu swali moja tu: uko kwenye masafa gani? Mengine yangefuata.

Leseni ya redio ya ridhaa, yaani ya kuwasiliana hewani kwa kujifurahisha, nilikuwa nayo tayari kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Redio ni Yaesu FT-857D ya mtumba, na laptopu yangu ya zamani inatumia Ubuntu. Nyuma ya redio kuna tundu la duara lenye pini nane, limeandikwa CAT/LINEAR. CAT ndiyo njia ya kompyuta kuiamuru redio. Kwa kazi hii zinatosha tatu: ya kutuma data, ya kupokea na ya ardhi. Ya kuiogopa ni pini namba moja, maana inabeba volti 13.8 za redio yenyewe. Ikigusana na waya wa data unaunguza adapta, pengine na laptopu. Data inatumia volti 5, kwa hiyo nilitafuta adapta ya USB yenye chipu ya FTDI ya kiwango hicho. Adapta ya RS-232 ya kawaida, ile ya milango ya kompyuta za zamani, haifai kuungwa moja kwa moja, volti zake ni kubwa mno.

Plagi alinilehemea fundi simu wa Mwanga, kwani pini zake zimebanana sana na mkono wake umezoea vitu vidogo. Nilipomweleza habari ya pini namba moja akasema, "Kaka, hiyo tusiiunge kabisa. Tuiache tupu." Ndivyo tulivyofanya, kisha akapima kila waya kwa mita kabla hajafunga plagi. Fundi wa namna hiyo ni wa kushika.

Kwenye redio, menyu 020 niliiweka CAT, na menyu 019, ya kasi ya data, nikaiacha 4800. Kasi kubwa zaidi zipo, ila amri zenyewe ni fupi, sioni faida. Kwenye Ubuntu ni lazima mtumiaji aingizwe kwenye kundi la dialout, halafu atoke na kuingia upya, la sivyo hataruhusiwa kuutumia mlango wa adapta. Baada ya hapo nikaita Hamlib, programu ya kuamuru redio:

rigctl -m 1022 -r /dev/ttyUSB0 -s 4800

Namba 1022 ndiyo FT-857 kuanzia toleo la 4 la Hamlib. Matoleo ya nyuma yanaiita 122. Nikaandika f, amri ya kuuliza masafa, nikabonyeza Enter. Jibu: 14074000, yaani hezi. Nikazungusha kitasa cha redio, nikauliza tena, namba ikabadilika. Nilifurahi kweli, maana nilikuwa najua kinachopita ndani ya waya ule. Kompyuta inatuma baiti tano, nne za sifuri na ya mwisho 03. Redio inarudisha 01 40 74 00 pamoja na baiti ya modi, yaani namna ya kurusha. Zisome kwa mfululizo: 14.07400 megahezi, imeandikwa waziwazi.

WSJT-X, programu ya mawasiliano ya kidijitali, baada ya hapo haikunisumbua. Nilichagua redio ileile, mlango uleule, kasi ileile. Natumia FT8, modi ya kutumiana ujumbe mfupi, iliyobuniwa na Joe Taylor na Steve Franke mwaka 2017. Inakwenda kwa vipindi vya sekunde 15, hivyo saa ya laptopu lazima iwe sawasawa. Intaneti ikikatika, kipokezi kidogo cha GPS kinaishikilia saa.

Kazi ilikuwa kwenye kurusha. Nikiongeza wati, ttyUSB0, yaani mlango wa adapta, inapotea katikati ya kipindi, kwa sababu mawimbi ya antena yanaingia kwenye waya wa USB. Nilibadilisha waya nikaweka mfupi, nikauvisha vipete vya feraiti vya kuzuia mawimbi ncha zote mbili, na waya wa antena nikausogeza mbali na meza. Mlango ukatulia. Wati nazo nimezishusha hadi 25, kwani FT8 inarusha karibu sekunde 13 bila kupumua na redio inapata joto.

Siku hizi naanzisha kwanza rigctld, sehemu ya Hamlib inayogawia programu kadhaa redio moja, inayosikiliza mlango wa mtandao namba 4532. WSJT-X na programu ya daftari langu la mawasiliano vyote vinapitia hapo, hakuna kinachomnyang'anya mwenzake redio. Jioni huwa niko megahezi 14.074, ukiona KI45, msimbo wa eneo langu kwenye ramani ya wanaredio, inaita, jibu.