Nilivyomsaidia binti yangu kujiandaa kwa mtihani wa juu wa kemia

Darasani walikuwa wakisomewa kitabu tu. Binti yangu, miaka 17, alikuwa amejaza madaftari mawili na bado haelewi moli, kipimo cha kuhesabia chembe za dutu, ni nini. Iliniuma sana.

Nikampa mtihani wa mwaka uliopita aufanye hivyohivyo, kabla ya kusoma chochote. Tatizo likajianika lenyewe: kubadili mililita kuwa lita, alikuwa anagawa kwa 100 badala ya 1000, kwa hiyo kila idadi ya moli aliyoikokotoa kutoka kwenye ujazo huo ilitoka kubwa mara kumi. Kisha akajisahihisha kwa kalamu nyekundu, mwongozo wa usahihishaji pembeni, akagundua kwamba hata hatua zina alama zake. Kila Jumapili alinifundisha mimi swali moja. Alipokwama, tulijua pa kurudi.

Kwenye mtihani wenyewe, alianza na maswali ya moli.