Moshi, chokoleti, matone: nilivyohangaikia usingizi Edmonton

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na miaka tisa ya kuinua watu na kuwageuza kitandani imenimaliza mgongo. Mchana navumilia. Usiku ndio mtihani: nalala saa nne, saa saba niko macho nahesabu magari ya kukwangua theluji.

Bangi ni halali kwa watu wazima hapa Kanada tangu Oktoba 2018, lakini mimi ni mtoto wa Tanga. Kwetu "mvuta bangi" ni tusi. Kaka mmoja wa Mombasa, mwenzangu kazini, ndiye aliyenitoa woga. "Dada, hiki kitu hakitaki pupa," alisema. Laiti ningemsikiliza.

Nilianza na msokoto, kwa sababu ndio niliokuwa nikiuona tangu utotoni. Sifa yake moja ni kwamba hauchelewi: mapafu hupeleka kitu damuni mara moja, ndani ya dakika chache unajua umefika wapi, ukitosheka unazima. Ila nilikohoa kama trekta, na kusinzia hakukudumu, alfajiri niko macho tena. Halafu kuna balkoni. Nyuzi 25 chini ya sifuri, umevaa kanga juu ya koti, unavuta huku meno yanagongana, na harufu inaingia kwa jirani hata hivyo. Meneja wa jengo akanibandikia barua mlangoni. Nikaacha.

Yule kaka akaniazima kifaa chake cha mvuke, kinachopasha majani bila kuyachoma. Harufu ilipungua, kifua kikapumua kidogo, lakini sikuweza kujua nimevuta kiasi gani. Vile vya katriji, yaani vichupa vya mafuta ya bangi vya kuvuta, vinavyouzwa mitaani sikuvigusa kabisa. Nakumbuka mwaka 2019 kule Marekani watu waliumwa mapafu, wengine wakafa, kwa katriji zilizochanganywa na mafuta ya vitamini E.

Ikaja chokoleti yenye bangi. Sheria ya hapa hairuhusu pakiti moja ya kula izidi miligramu 10 za THC, ile kemikali ya bangi inayolevya, na ushauri kwa mgeni ni kuanza na 2.5 au chini yake. Mimi nikala nusu pakiti. Dakika 45, kimya. Nikasema nimeibiwa, nikamalizia iliyobaki.

Ya kuliwa hupita tumboni kwanza, kisha kwenye ini, na ini huigeuza ikawa kali zaidi. Inaweza kuchukua hata saa mbili kuanza, na ikianza haikuachi upesi. Saa nne usiku moyo ulikuwa unapiga kama ngoma ya mdumange, mshale wa saa ya ukutani umegoma kusogea. Nikampigia dada yangu Tanga, kwao asubuhi saa mbili.

"Dada, nakufa."

"Umekula nini?"

"Chokoleti."

"Chokoleti haiui mtu. Kunywa maji ulale."

Sikufa, ila kesho yake hadi mchana kichwa kilikuwa kizito, na zamu niliomba ruhusa. Pakiti nyingine za chokoleti nilizokuwa nazo nilizifungia kwenye sanduku lenye kufuli, maana mtoto wa jirani huja kwangu na kwake tamu ni tamu.

Nilichobaki nacho ni mafuta ya bangi ya matone. Chupa inakuja na kibomba kidogo chenye alama, kwa hiyo najua ninachomeza: robo mililita, miligramu 2.5 za THC na kiasi hichohicho cha CBD, kemikali nyingine ya bangi ambayo hailevyi. Nayo hupita tumboni kama chokoleti, kwa hiyo nakunywa saa mbili usiku, siongezi hata nikiona kimya, na gari siligusi. Kabla ya kuanza nilimuuliza mfamasia kwa sababu ya vidonge vyangu vya presha. Akanionya nisiinuke kitandani ghafla. Mgongo haujapona, tusidanganyane. Lakini siku nyingi nalala mpaka saa kumi na moja.

Mwaka jana nilipokwenda Tanga niliiacha chupa Edmonton. Kutoka nayo Kanada ni kosa, na nyumbani sheria haina mzaha. Dada nilimpelekea chokoleti za kawaida za dukani. Alivaa miwani, akasoma kila karatasi mbele na nyuma, ndipo akafungua.