Lakini Baba Bado Yuko Katikati

Semina ya sintaksia, yaani muundo wa sentensi, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilipangwa mchana, mara tu baada ya chakula, na wengi wetu tuliihudhuria kwa mwili tu. Mhadhiri alikuwa ameandika ubaoni kanuni ambazo kila aliyepita kidato cha sita anazo kichwani: S → KN + KT, KT → T + KN. Yaani sentensi (S) ni kirai nomino (KN) na kirai kitenzi (KT), na KT ni kitenzi (T) na kirai nomino; kirai ni kundi la maneno linalofanya kazi pamoja. Chini yake akachora "Baba alinunua ng'ombe". Matawi mawili yakashuka kutoka S, moja la baba, jingine la kirai kitenzi, nalo likazaa kitenzi na ng'ombe wake. Mchoro safi.

Nyuma kabisa alikaa mwenzetu aliyekuwa amefundisha sekondari miaka mingi kabla ya kurudi kusomea digrii. Sote tulimwita Mzee, hata mhadhiri, ambaye kiumri alikuwa mdogo kwake. Hakuwa mtu wa maswali. Siku hiyo akanyoosha mkono.

"Dokta, hebu tuchoree na huu: Mnada alikonunua baba ng'ombe umehamishwa."

Mtu akanong'ona "baba ng'ombe", darasa likaangua kicheko. Mhadhiri naye akacheka, akashika chaki.

"Umehamishwa" haikumsumbua. "Mnada" ikakaa mahali pake, na chini yake kishazi rejeshi, kile kinachoeleza ni mnada upi. Humo ndani ndimo mambo yalipoharibika. Kitenzi "alikonunua" na yambwa yake (kinachotendwa) "ng'ombe" ni wa kirai kimoja, lakini baba amekaa katikati yao. Ukitaka kumrudisha ng'ombe kwa kitenzi chake, tawi lake lazima likate tawi la baba. Na katika sarufi miundo virai, yaani sarufi ya kanuni kama zile za ubaoni, matawi hayakatani, kwa sababu kirai ni maneno yanayofuatana.

"Sasa weka ambako," Mzee akaendelea. "Mnada ambako baba alinunua ng'ombe. Huo unachorika bila taabu. Maana ni ile ile. Mbona mmoja unakubali na mwenzake unagoma?"

Jibu la mhadhiri lilikuwa uhamishaji. Mwanaisimu Noam Chomsky mwenyewe, mwaka 1957, alishadai kwamba kanuni za miundo virai peke yake hazitoshi, akaongeza kanuni geuzi, zinazobadili muundo mmoja kuwa mwingine, kwa mfano kwa kuhamisha maneno. Hapa, alisema, chanzo ni baba, kisha kitenzi, kisha ng'ombe. Mwanzoni mwa kishazi pana kiti cha urejeshi. "Ambako" ikikikalia, kitenzi hutulia pale kilipo. Isipokuwapo, kitenzi chenyewe chenye -ko- hupanda kukikalia, kikimruka baba na kumwacha ng'ombe nyuma. Ndiyo maana "mnada baba alikonunua ng'ombe" haikai vizuri masikioni. Nilipenda sana maelezo yale, maana shuleni tulifundishwa mpangilio huo kama desturi tu, bila sababu. Baadaye nilikuta kwamba Katherine Demuth na Carolyn Harford walitoa hoja ya namna hiyo kuhusu lugha za Kibantu mwaka 1999.

Mzee hakuridhika. "Kwa hiyo tunachora sentensi ambayo hakuna aliyeisema, halafu tunaihamisha ili nadharia ipone? Kwa nini tusiifute hiyo KT? Kitenzi, baba na ng'ombe wote waning'inie kwenye kishazi, sawa kwa sawa."

Wapo waliodhani anatania. Kumbe alikuwa na wenzake wakubwa: katika kitabu cha mwanaisimu Mfaransa Lucien Tesnière kilichotoka 1959, kitenzi ndicho kitovu, na kiima na yambwa hukitegemea kwa hadhi moja. Mwanaisimu Ken Hale naye aliisoma Kiwarlpiri, lugha ya wenyeji wa Australia, ambamo nomino na kivumishi chake huweza kutenganishwa na maneno mengine, akauliza kama kila lugha ina matawi ya aina moja.

Mhadhiri hakubishana. Aliongeza maneno ubaoni: "Mnada alikonunua baba ng'ombe na kuuza mbuzi."

"Kuuza mbuzi imeunganishwa na nini, Mzee?"

Mzee aliitazama kwa muda. "Na kununua ng'ombe," akasema. Kisha akaongeza: "Lakini baba bado yuko katikati."

Kwa maoni yangu, hakuna sentensi iliyosema mengi zaidi katika kozi nzima. Kirai kitenzi kipo, maana viunganishi vinakiona. Ila maneno yake hayafuatani. Nadharia tuliyofundishwa inayachukulia mambo hayo mawili kuwa ni jambo moja. Mwanaisimu Joan Bresnan alikwisha kuyatenganisha: muundo mmoja wa mpangilio wa maneno, mwingine wa uamilifu, nani kiima na nani yambwa. Mwaka 1987, pamoja na Sam Mchombo wa Malawi, alionyesha kwamba katika Kichewa kitenzi kikibeba kiambishi cha yambwa, kiima, kitenzi na yambwa huweza kupangwa kwa namna zote sita. Hakuna kinachohitaji kuhamishwa kutoka popote.

Kazi yangu ya semina muhula ule niliiandika juu ya sentensi ya Mzee. Niliichora kwa njia ya uhamishaji, kisha kwa njia ya Bresnan, nikasema ya pili naiamini zaidi. Mhadhiri alitia alama ya kuuliza pembeni ya mchoro wa pili, akanipa B+.